Hata mwenye haki hupiga hodi

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:10-13, 2 Wafalme 12:4-15, Luka 3:12-14



Katika sheria ambazo Musa aliwaachia Waisraeli kuna moja fupi ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Inamhusu mtu aliyemkopesha jirani yake na sasa anataka kuchukua rehani. Torati haimnyimi haki yake. Deni ni deni, na rehani ataipata. Lakini haimruhusu kuingia ndani ya nyumba ya jirani na kujichagulia anachotaka. Anatakiwa asimame nje, na mwenye nyumba ndiye aingie, atafute, amletee pale mlangoni.

Tuitafakari sheria hiyo. Mdaiwa anaweza kuwa maskini sana, maana mistari inayofuata inamtaja mtu ambaye rehani yake ni vazi lile lile analojifunika usiku. Hata hivyo nyumba bado ni yake. Huko ndani kuna sufuria iliyotoboka, kuna godoro lililochakaa, pengine kuna mgonjwa ambaye majirani hawajui anaumwa nini. Anayedai hakupewa ruhusa ya kuyaona hayo. Mungu alijua kwamba mtu anaweza kuvuliwa utu wake kabla hajanyang'anywa mali, kwa kutazamwa tu na mtu mwenye nguvu kuliko yeye.

Sisi tuliolelewa na desturi ya kupiga hodi tunaielewa sheria hii bila kufafanuliwa. Hata baba mwenye nyumba aliyempangisha mtu chumba hufika mlangoni akaita hodi, akasubiri karibu.

Leo sehemu kubwa ya nyumba ya mtu haipo tena nyuma ya mlango. Ipo kwenye mifumo. Kuanzia Mei 2019 Watanzania tulipanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na waliochelewa waliongezewa muda hadi Januari 20, 2020. Namba ya Kitambulisho cha Taifa sasa inaulizwa benki, kwenye maduka ya simu na katika ofisi za umma. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeisoma amejua umri wako kabla hujafungua mdomo. Ongeza hapo hospitali, kodi, leseni, ardhi, shule za watoto na miamala ya simu. Anayeweza kuyasoma hayo yote pamoja ameingia ndani ya nyumba yako mpaka chumbani, na hujasikia hodi.

Wapo wahubiri wanaokimbilia kusema kwamba haya ndiyo ile alama ya mnyama ya Ufunuo 13. Mimi siungi mkono mahubiri hayo. Yanawatia watu hofu wakati wanahitaji akili, na yanatunyima nafasi ya kuuliza swali lenye faida. Swali hilo ni hili: ni nani anatakiwa kuonekana, na ni nani anatakiwa kufunikwa?

Somo letu la pili linatupeleka hekaluni Yerusalemu wakati wa mfalme Yoashi. Watu walikuwa wakitoa fedha za kukarabati nyumba ya Bwana, na makuhani ndio waliozipokea. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wa Yoashi, na nyufa zilikuwa pale pale. Mfalme hakutosheka na kuwakemea makuhani. Alibadili utaratibu. Kuhani Yehoyada alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ikishaingia kwenye tundu, hakuna mkono wa kuitoa kimyakimya. Sanduku lilipojaa walikuja watu wawili, karani wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu pamoja, ndipo fedha zikaenda kwa waliosimamia kazi, nao wakawalipa mafundi seremala na waashi.

Lile tundu lilikuwa teknolojia ya siku zile. Mfumo wa serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki, ulioanza mwaka 2017, unafanana nalo sana. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na fedha inaingia akaunti ya serikali bila kupitia kwenye droo ya karani. Vivyo hivyo NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, ambamo zabuni zinatangazwa na kushindaniwa badala ya bahasha kupishana kwenye korido za ofisi. Na kila mwaka, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais, kisha inafikishwa bungeni, na baadaye yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuisoma. Hayo ni masanduku ya Yehoyada, na Mkristo anapaswa kuyashangilia.

Wapo wanaopenda kuushika mstari wa mwisho wa habari hiyo, unaosema kwamba wale waliowalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Wanautumia kusema viongozi waaminiwe tu. Lakini uaminifu huo ulitajwa baada ya sanduku kutobolewa na baada ya wahesabuji wawili kufanya kazi yao. Haukutajwa katika ile miaka ya kwanza, fedha zilipopokelewa bila mtu mwingine kuangalia.

Hapo tumeona masomo mawili. Moja linamzuia mtu mlangoni, jingine linataka fedha zihesabiwe mbele ya wawili. Je, yanapingana? Hapana. Tofauti yake inaonekana vizuri tukiwaangalia watu wawili walioanguka, Nuhu na Daudi.

Nuhu alilewa akalala uchi ndani ya hema lake. Hamu alimwona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama, na Biblia inawasifu wao. Daudi naye alifanya dhambi kwa siri, lakini Mungu hakumtuma mtu na nguo. Alimtuma nabii Nathani, na tendo lililofichwa likawekwa wazi mbele ya Israeli yote, likaandikwa na kusomwa hadi leo.

Kwa nini mmoja afunikwe na mwingine afunuliwe? Nuhu alikuwa hemani mwake, na aibu ile ilikuwa yake mwenyewe. Daudi alitumia kiti. Alituma watumishi wa ikulu kumchukua mke wa askari wake, akamwandikia jemadari barua, akautumia uwanja wa vita kumuua Uria. Mamlaka aliyopewa kwa ajili ya watu aliyatumia dhidi ya mtu. Jambo la hemani lina haki ya pazia. Jambo la kwenye kiti halina, kwa sababu kiti si cha anayekikalia.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuupima mfumo wowote wa serikali. Sensa ya mwaka 2022 ni mfano mzuri. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakauliza mambo ya ndani kabisa: nani analala hapa, nani ana ulemavu, nani amefariki. Baadaye taifa zima likatangaziwa kwamba tuko 61,741,120. Jumla iliwekwa hadharani ili kila mwananchi aweze kuuliza mbona wilaya yetu ina watu wengi hivi na zahanati ni chache. Lakini Sheria ya Takwimu inakataza kutoa hadharani majibu ya mtu mmoja mmoja kwa namna ya kumtambulisha. Mtu alifunikwa, hesabu ikafunuliwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Tatizo letu ni kwamba mara nyingi tunageuza. Nenda kijijini au mtaani ukaulize mapato na matumizi ya mradi wa maji, na unaweza kuambiwa hiyo ni siri ya ofisi. Wakati huo huo, kwenye geti la jengo lile lile, mlinzi ameweka daftari kubwa ambamo kila mgeni anaandika jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho, na wewe ukiandika ya kwako unasoma ya waliokutangulia. Nimewahi kununua karanga barabarani zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha fomu iliyojazwa, jina la mtu na namba yake vikionekana wazi. Fomu ile iliombwa na ofisi fulani kwa mkazo, na pengine mwenyewe alirudishwa nyumbani kwa kukosa nakala moja. Ilipokwisha kazi, ikawa ya kufungia karanga.

Waliokopa kwa simu wanayajua haya kwa uchungu zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wengi wetu tulikuwa tumeshaifahamu mikopo ya namna hiyo kwa njia mbaya: ujumbe unaingia kwenye simu kwamba fulani, ambaye ni shemeji yako au mwanakwaya mwenzako, ni tapeli aliyekimbia deni. Wewe hukuwa mdhamini wake. Namba yako ilichotwa kwenye simu yake siku alipokopa. Mdai wa namna hiyo ndiye Torati iliyemkataza. Hakusimama nje. Aliingia, akapekua, akatoka na majina ya ukoo mzima.

Sasa wapo wanaouliza: kama huna baya, unaficha nini? Na Mkristo anaweza kuongeza kwamba Mungu anatuona kila siku, kwa hiyo faragha ni wasiwasi wa wenye dhambi. Tujibu kwa utulivu. Ni kweli Mungu anatuona. Lakini Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kuomba chumbani mlango ukiwa umefungwa, na kutoa sadaka bila mkono mmoja kujua unachofanya mwingine. Sala na sadaka si mabaya, na bado zinafungiwa mlango. Tena yule anayetuona ndiye aliyewashonea Adamu na Hawa mavazi ya ngozi siku ile ile alipojua kosa lao. Anayejua yote huchagua kufunika. Karani mwenye neno la siri la kompyuta hajapewa nafasi ya Mungu, na hana huruma ya Mungu anapogombana na jirani yake au anapoahidiwa elfu hamsini.

Tusimsahau pia mtu ambaye kwake faragha ni suala la uhai. Mama aliyemkimbia mume mwenye ngumi na kupanga chumba wilaya nyingine hana baya lolote. Lakini mtu mmoja akichungulia mfumo na kusema anakoishi, anaweza kuuawa. Kijana anayechukua dawa kliniki asubuhi na mapema ili asionwe hana baya. Binti aliyebakwa, na jalada lake likapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, hana baya. Hao ndio Kristo aliowaita wadogo.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haiko mikono mitupu. Katiba, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inampa mwananchi haki ya kutafuta na kupata taarifa. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ijibu ombi la mwananchi ndani ya siku 30. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Sheria ya kwanza inawasha taa ofisini, ya pili inashusha pazia nyumbani. Zinatakiwa kwenda pamoja. Ofisi ikijificha nyuma ya sheria ya faragha ili isitoe hesabu za umma, imeiba nguo iliyokusudiwa kumfunika Nuhu na kumvika Daudi.

Na sheria haiishii kwa mwananchi na benki, inaifunga hata serikali. Majirani zetu wa Kenya walilithibitisha hilo mahakamani. Mwaka 2019 serikali yao ilisajili watu kwa ajili ya Huduma Namba. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi hizo ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu, inayotakiwa na sheria yao ya mwaka 2019, haikufanywa kwanza. Mahakama haikusema serikali isiwatambue watu wake. Kwa lugha yetu, iliiambia ipige hodi.

Lakini mifumo haijiendeshi. Nyuma ya kila kioo kuna mtu, na Jumapili hii wengi wa watu hao wamekaa kwenye viti vya kanisa. Kwa hiyo somo la tatu ni lako, ndugu yangu uliye masijala, uliye maabara, uliye kituo cha polisi, dada yangu wakala wa fedha kwa simu, mzee wangu mjumbe wa serikali ya mtaa. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasichukue zaidi ya kile walichopangiwa. Askari nao aliwaambia wasimwonee mtu. Sheria yetu ya mwaka 2022 inasema karibu jambo lile lile kuhusu taarifa: zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisizidi zinazohitajika, zisitumike kwa jambo jingine. Kwa hiyo usiulize ambacho kazi haikihitaji. Usifungue jalada la mtu kwa udadisi tu. Usipige picha kioo cha kompyuta ukamtumia shoga yako. Ukiombwa na mtu mkubwa akutafutie namba ya binti fulani, jibu lako liwe hapana, hata kama litakugharimu. Kutubu kwa mtu wa mifumo kunaonekana hapo.

Nalo kanisa lisijione liko nje ya neno hili. Tunazo rejesta za waumini, kadi za zaka, majalada ya ndoa zenye migogoro. Sheria inazitaja taarifa za imani na afya ya mtu kuwa ni nyeti, na rejesta yetu imejaa imani za watu. Lakini ni mara ngapi maombi ya mgonjwa yametumwa kwenye kundi lenye watu mia mbili, ugonjwa wake ukiwa umetajwa kwa jina? Ni mara ngapi orodha ya waliotoa na wasiotoa ahadi ya ujenzi imebandikwa ukutani? Yatima anapokea daftari na sabuni, naye analazimika kutabasamu mbele ya kamera ili wafadhili waone. Huko ni kumwingilia jirani nyumbani kwake, tena kwa jina la Yesu.

Upande wa pili, tukidai serikali itoe hesabu, waumini nao wasomewe hesabu zao. Mtume Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kulaumu, akisema alijali kuonekana mwema mbele za Bwana na mbele ya watu pia (2 Wakorintho 8:18-21). Kama Paulo aliona hivyo, mchungaji au mhazini gani wa leo atakasirika akiulizwa risiti?

Tufanye nini basi wiki hii? Ukiombwa taarifa zako, uliza kwa adabu: ni za nini, zitatunzwa wapi, nani ataziona. Si utovu wa nidhamu, ni haki yako. Mfundishe bibi na babu kwamba namba ya siri haisomwi kwa sauti hata kwa mjukuu anayependwa. Taarifa zako zikivujishwa, peleka lalamiko kwenye Tume badala ya kuishia kulia. Halafu kaeni wachache baada ya ibada, muitafute kwenye ripoti ya mkaguzi sehemu inayoihusu halmashauri yenu, muisome. Kukiwa na jambo lisiloeleweka, andikeni barua yenye heshima mkaulize, kisha mhesabu siku 30. Yehoyada aliweka sanduku mahali pa wazi karibu na madhabahu. Hesabu zikiwekwa wazi na sisi tusisogee kuzitazama, lawama haitakuwa ya makuhani peke yao.

Bwana awape ujasiri wanaoketi kwenye viti vya umma kukubali kuangaliwa, na atupe sisi sote adabu ya kusimama nje ya mlango wa jirani mpaka tukaribishwe.